Harufu Chumbani mwa Kalista

Ndugu zangu wa Namswea, nanyi mnaokaa ng'ambo ya milima hadi kule ziwani, nitegeeni sikio kidogo. Jambo ninalotaka kuwasimulia lilianza na mkojo wa mbwa. Najua wapo watakaocheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka mwanzoni. Lakini mkojo huo nusura uvunje uchumba wa binti mwema, na ulimfanya baba mzazi akose uso wa kumtazama mwanawe. Wala sisimulii mambo ya kuambiwa. Mimi Pankras, seremala, ndiye niliyekuwa mshenga wa posa ile, na kama mtakavyosikia, sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Nyumba ya Blasius ilikuwa nyumba ya watu waliotulia. Ilisimama juu ya kilima, kahawa imeizunguka pande tatu, na mteremkoni yalikuwapo mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia mvua isichukue udongo, ambamo mkewe Domitila alilima mahindi na maharage. Alasiri ukipita pale ungemkuta binti yao Kalista ameketi barazani anadarizi kitambaa, kazi aliyojifunza kwa Masista, huku mama yake akichambua maharage kwenye ungo. Walikuwa watu wa kusali, wa kukopeshana chumvi na jirani, wasio na makelele. Blasius mwenyewe alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche ya kahawa, chini ya Bwana Shamba Mzungu. Kazi hiyo ilimpa heshima, na heshima aliipenda. Hapo ndipo penye mzizi wa habari yangu.

Mwaka wa 1952, mwezi wa nne, Bwana Shamba alihamishwa. Alipanda lori kwenda Kitai na kutoka huko Songea, na mbwa wake akamwachia Blasius. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, masikio yamelala, jina lake Bobi. Jumapili ile ile Blasius akatusimulia kilabuni, kibuyu cha pombe ya ulezi mkononi.

"Mbwa huyu si kama hawa wenu wa kulala majivuni," alisema. "Huyu amefundishwa na Mzungu. Analala ndani, na hakojoi ndani hata siku moja. Akitaka kutoka anakwaruza mlango kama mtu anayebisha hodi. Nani kati yenu ana mtoto wa namna hiyo?"

"Mimi sina," akajibu mzee Tadei. "Wa kwangu wa mwisho ameniloweshea shuka jana."

Tulicheka sote, na Blasius alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakukuwa na mgeni aliyefika kwake asiyehadithiwa adabu ya Bobi.

Na kwa juma la kwanza ilikuwa kweli. Mbwa alikwaruza mlango, akafunguliwa, akatoka, akarudi. Lakini mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha, na katika majuma hayo chui alichukua mbuzi wawili wa jirani na mbwa mmoja aliyekuwa amelala barazani. Watu wakaanza kukomea milango mapema. Bobi alipokwaruza, Blasius alijifunika blanketi na kusema, "Ngoja kuche." Mbwa alingoja alivyoweza. Asubuhi Blasius akakuta kidimbwi karibu na mlango.

Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alimshika mbwa shingoni, akamsugua pua kwenye mkojo, akamchapa fimbo. Siku tatu baadaye ikawa vile vile, naye akamchapa vile vile. Fimbo haikumfundisha Bobi kukojoa nje. Ilimfundisha kwamba mtu akikuona unakojoa, utaumia. Basi akatafuta mahali pa kujificha, na mahali hapo pakawa chumbani mwa Kalista, nyuma ya sanduku la nguo, hatua moja kutoka kitandani.

Kalista aligundua baada ya siku chache.

"Baba," alisema, "Bobi anakojoa chumbani kwangu."

"Taratibu! Unataka majirani wasikie?" Blasius alimjibu. "Nimewaambia watu wote kwamba mbwa huyu anajua adabu. Mwaga maji, pataisha."

Kalista akamwaga maji. Mnajua wenyewe sakafu zetu ni za udongo uliopigwa. Maji hayauondoi mkojo kwenye udongo, yanaupeleka chini tu. Kila baada ya siku mbili tatu Bobi alirudi pale pale, naye Kalista akamwaga maji pale pale. Ulipofika mwezi wa saba na baridi kavu, harufu ilipungua, Blasius akasema, "Unaona? Nilikuambia." Kumbe harufu ilikuwa imelala chini, inangoja mvua.

Siku moja ya mwezi wa tisa nilikwenda kutengeneza bawaba ya mlango wa chumba kile. Nilimwona Bobi kwa macho yangu akijipenyeza nyuma ya sanduku na kuinua mguu. Blasius alikuwa nyuma yangu. Alinitazama, nami nikamtazama. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ni mara moja tu." Nikasema, "Haya." Nilicheka njia nzima nikirudi nyumbani. Sikumwambia mtu.

Sasa sikilizeni lilivyokuja kutuangukia.

Kijana aliyemposa Kalista aliitwa Edmund, mwalimu wa shule ndogo huko kwao Kingerikiti. Walikuwa wameonana kwenye sikukuu ya misheni, wakapendana, na wazee wa pande zote mbili wakakubali. Mimi nilikuwa nimekwenda na kurudi mara nne na habari njema. Ilibaki jambo moja. Katika ukoo wa Edmund ilikuwa desturi kwamba shangazi wa kijana aende kulala kwa wakwe, aone nyumba na aongee na binti, kabla ya tangazo la ndoa kusomwa kanisani. Shangazi huyo aliitwa Ida, mjane aliyekuwa akinunua usipa, dagaa wadogo waliokaushwa, kule ziwani na kuuleta milimani kuuza. Alikuwa na sauti kubwa na macho yasiyopitwa na kitu. Wala pua yake haikupitwa na kitu.

Alifika Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja pamoja na mama mmoja wa jamaa yake. Njiani mvua ya kwanza iliwanyeshea. Domitila alikuwa amechinja jogoo, Kalista ametandika shuka alizozidarizi mwenyewe. Walikula vizuri, wakaongea vizuri. Blasius, kama kawaida yake, akawasimulia wageni habari ya Bobi: jinsi alivyofundishwa, jinsi anavyobisha hodi. Lakini mbwa mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amefungwa jikoni kwa kamba tangu mchana. Mtu asiyejua kosa la mbwa wake hamfungi jikoni wageni wakija. Nililiona hilo na nikalipita.

Wageni walilazwa chumbani mwa Kalista, kwa maana ndicho kilichokuwa chumba kizuri, naye Kalista akalala na mama yake. Mvua ikanyesha hadi alfajiri, milango na madirisha yamefungwa.

Asubuhi nilikwenda kuwasabahi. "Tumsifu Yesu Kristu," nilibisha. "Milele amina," wakaitika, lakini sauti zilikuwa baridi. Shangazi Ida alikuwa amekaa sebuleni, amejifunga kitambaa cha safari, mzigo wake uko miguuni.

"Mshenga, umekuja wakati mzuri," alisema. "Kaa. Nina swali, na ninaliuliza mbele ya watu wazima tupu." Akamgeukia Domitila. "Mama, nisamehe. Binti yako ana ugonjwa gani?"

Domitila alishtuka. "Ugonjwa? Kalista haumwi."

"Chumba anamolala kinanuka mkojo. Si kidogo. Tulifunika pua usiku kucha."

Blasius akakohoa. "Ni unyevu tu, shangazi. Mvua ya kwanza."

"Nimelala kwenye nyumba nyingi zenye unyevu, baba. Unyevu haunuki hivyo." Akasita, kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo: "Au ni mbwa? Kama ni mbwa, semeni tu, tutacheka yaishe."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi hapo. Kilichohitajika ni neno moja. Domitila alimtazama mumewe. Mimi nilimtazama. Mlangoni Kalista alikuwa amesimama na bakuli la uji mikononi, naye alikuwa akimtazama baba yake.

Blasius alijinyoosha kitini. "Mbwa wangu?" alisema. "Mbwa huyu amefundishwa na Mzungu. Hakojoi ndani."

Basi. Kwa maneno hayo machache alimtupa binti yake. Kama si mbwa, na chumba ni cha Kalista peke yake, mkojo ni wa nani? Hakuna aliyelisema. Kalista aliliweka bakuli chini taratibu, uji usimwagike, akatoka nje.

Nami mshenga, niliyemwona mbwa akiinua mguu, nilifanya nini? Nilijiambia kwamba nyumba ni ya Blasius na mwenye nyumba ameshasema. Nikachukua mzigo wa shangazi Ida nikamsindikiza hadi njia panda.

Majuma mawili baadaye nililetewa ujumbe kutoka Kingerikiti: "Posa isimame kwanza." Hawakusema zaidi, lakini yule mama aliyefuatana na shangazi Ida alikuwa amesema njiani, na maneno yana miguu kuliko watu. Pale kisimani wasichana walianza kunyamaza Kalista alipofika, kisha kucheka alipoondoka. Watoto wakatunga kiitikio cha "kikojozi" wakawa wanakiimba wakichunga mbuzi. Kalista aliacha kwenda kuimba kanisani. Alikuwa anateka maji mchana wa jua kali, wakati hakuna mtu kisimani. Uso wake ulikonda.

Domitila hakuwa mtu wa kugombana. Lakini siku nilipopeleka ule ujumbe wa Kingerikiti, alimwambia mumewe mbele yangu: "Baba Kalista, ulipima aibu yako na ya mtoto, ukaona ya kwako nzito zaidi."

Blasius aliinuka, akachukua fimbo, akamwendea Bobi aliyekuwa amejikunja kando ya ukuta. "Mbwa huyu ndiye aliyeniharibia nyumba!" alifoka. Fimbo ilikuwa imeshainuka Kalista alipotokea na kusimama katikati.

"Baba, usimpige," alisema. Hakupaza sauti. "Yeye hana mdomo wa kusema. Wewe unao, na hukusema."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Baba Pankras, ulikuwa umekaa pale pale."

Nimepigwa katika maisha yangu, hata askari wa boma aliwahi kunipiga. Lakini sijawahi kuumia kama siku ile. Blasius aliishusha fimbo akaenda shambani. Mimi nilibaki nimesimama uani. Mwishowe nikamwambia Kalista, "Mwanangu, nilimwona mbwa kwa macho yangu na nikanyamaza. Nisamehe. Niambie la kufanya."

Alifikiri kidogo. "Nataka chumba changu kisinuke," alisema. "Hilo kwanza. Nani anajua habari za mbwa wa ndani?"

Nilimkumbuka Aloisi. Aloisi alikuwa mpishi wa yule Bwana Shamba, na sasa alikuwa amerudi kulima kwao, ng'ambo ya kijito. Tulikwenda watatu: Domitila, Kalista na mimi.

"Shikamoo baba," Kalista alimwamkia.

"Marahaba, binti. Karibuni mkae. Habari za Bobi?"

Kalista akamweleza yote bila kuficha. Aloisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, si kwa kutudharau. "Nani aliwaambia Bwana alimfundisha? Bwana alishughulika na barua zake tu. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kumfungulia! Kwanza alipoletwa mdogo alinikojolea jikoni miezi miwili."

"Kwa hiyo amesahau?" aliuliza Domitila.

"Hajasahau, mama. Alibisha, hakufunguliwa. Mbwa akibisha bila kufunguliwa anaacha kubisha, kama mtu. Halafu alipigwa, akajifunza kujificha. Na pale alipojificha pana harufu yake. Kwenu harufu ile ni uchafu. Kwa mbwa ni alama, inamwambia: choo chako kipo hapa. Harufu ikibaki, hata umchape mwaka mzima atarudi."

"Tumemwaga maji kila siku," alisema Kalista.

"Acheni maji. Chimbeni. Ondoeni udongo wote wenye harufu, msiache hata kidogo. Kisha anzeni naye upya kama mtoto. Akiamka, nje. Akila, nje. Kabla ya kulala, nje. Mahali pale pale kila mara. Akimaliza, msifuni na mpeni tonge la ugali hapo hapo, si baadaye. Akikosea, safisheni na mnyamaze. Na ataanguka tena, nawaambia mapema. Msikate tamaa."

Tulianza kesho yake. Tulitoa kitanda, mikeka na sanduku. Nilipolipindua sanduku lile, mbao za chini zilikuwa zimeoza kwa mkojo. Hazikuwa za kupona, nilizing'oa na kuweka mpya. Mkeka mmoja tulichoma, mingine ikaanikwa juani siku tatu. Kalista alishika jembe mwenyewe akaanza kuchimba sakafu pale lilipokuwa sanduku. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, lakini chini ya kina cha kiganja ulikuwa mweusi, na uliponyanyuka ulitutoa machozi. Alichimba, mama yake akabeba karai kwenda kumwaga mbali, chini ya bonde.

Blasius akatokea mlangoni, matope ya shamba miguuni. Alimtazama binti yake akiwa ndani ya shimo hadi magotini, kitambaa amejifunga puani. Kisha akavua koti.

"Toka, mwanangu," alisema. "Uchafu huu ni wangu."

Kalista alitoka. Blasius akachimba hadi jioni, hata pale ambapo sisi tulidhani panatosha. Alikuwa anachukua udongo mkononi na kuunusa, akichimba tena, akinusa tena. Tulipofika kwenye udongo safi tulimwaga unga wa mkaa na majivu makavu, tukajaza udongo wa kichuguu, tukaupiga kwa mchi ukawa mgumu kama jiwe. Domitila akausiriba juu kwa udongo mweupe. Mimi nilijenga ua mdogo wa miti iliyosimama karibu karibu, umeshikana na mlango wa nyuma na kuezekwa fito juu, ili mbwa aweze kutoka wakati wowote bila chui kumfikia. Kazi hiyo sikutaka malipo.

Siku nane Bobi alitoka nje kila mara na sakafu ikabaki kavu. Tukaanza kufurahi. Siku ya tisa Blasius alikuwa akipita sebuleni na mpini wa jembe mkononi, mbwa akauona mpini, akajikunyata na kukojoa pale pale alipokuwa. Kalista alikaa chini akalia. "Haitakwisha, mama," alisema. "Haitakwisha kamwe."

Blasius alikuwa amesimama na ule mpini. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa kwamba mbwa hakuogopa mpini, alimwogopa yeye. Akautoa nje. Akarudi na kitambaa na majivu, akapiga magoti, akafuta mwenyewe. "Tunaanza upya," alisema. "Kesho nitamtoa mimi."

Tangu asubuhi ile ungemwona Blasius, msimamizi wa kitalu, amejifunika gunia kwa sababu ya manyunyu, amesimama nyuma ya nyumba yake na tonge la ugali mkononi, anamwambia mbwa, "Vizuri, Bobi. Vizuri sana." Wapita njia walisimama kucheka. Hakuwajali. Bobi alianguka mara moja tena, siku ya radi kubwa, na baada ya hapo hakuanguka. Ilipokaribia Noeli alikuwa ameanza tena kukwaruza mlango, na mlango ulikuwa unafunguliwa.

Chumba kilikuwa safi. Lakini jina la Kalista lilikuwa bado chafu, na hilo halichimbwi kwa jembe.

Siku nne kabla ya Noeli, Blasius alikuja karakanani kwangu. "Pankras," alisema, "nisindikize Kingerikiti." Nikaelewa. Tulitembea siku nzima kwa milima ile, tukalala njiani kwa ndugu yake, tukafika asubuhi ya pili. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani na shangazi Ida, na Edmund alikuwapo kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa.

Blasius hakukaa alipokaribishwa kiti. Alisimama, kofia mkononi.

"Shangazi," alisema, "asubuhi ile ulituuliza kama ni mbwa. Nilikuambia si mbwa. Nilisema uongo. Ni mbwa. Alikuwa amekojoa chumbani mwa binti yangu miezi saba, na nilijua. Nilikuwa nimejivuna sana kwa mbwa yule, nikaona haya kusema. Kalista hana ugonjwa wowote."

Nami nikasimama nikasema, "Na mimi nilijua. Mmewekewa mshenga mwongo."

Shangazi Ida alimgeukia Blasius. "Yaani uliona haya kwa ajili ya mbwa, hukuona haya kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo," alijibu Blasius.

Nilidhani shangazi atatufukuza. Badala yake alishusha pumzi, akakunja mikono yake. "Basi na mimi niseme langu," alisema. "Usiku ule nilipapasa godoro. Lilikuwa kavu, lina harufu ya majani mapya. Nilijua kuna jambo halikai sawa. Lakini nilikuwa nimeshaudhika, na nikamwacha mwenzangu aseme njiani alivyotaka. Nitakwenda kwenye kisima chenu mimi mwenyewe. Nitasema kwa sauti hii Mungu aliyonipa."

Na kweli alikwenda. Alirudi nasi Namswea, na siku ya kwanza alisimama kisimani asubuhi, saa wanawake wamejaa, akasema yaliyotokea kwa sauti iliyosikika hadi shuleni. Kisha akaingia chumbani mwa Kalista, akapiga magoti nyuma ya sanduku, akanusa sakafu. "Hapa hata mimi ningelala chini," alisema.

Edmund alikuwa amefuatana nasi pia. Alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba sasa mambo yamekwisha na binti atafurahi. Kalista alimkaribisha barazani, akamletea maji ya kunywa, akaketi mbele yake. Mlango ulikuwa wazi, nasi tulisikia.

"Mwalimu, walipokuambia habari zangu, ulisema nini?"

"Nilisema siamini."

"Ulisema kwa nani?"

Edmund aliinamisha kichwa. "Moyoni."

"Kutoka Kingerikiti hadi hapa ni siku mbili. Nimekaa mwezi mzima nikiteka maji jua la saa saba. Hukuja kuniuliza."

"Niliogopa wazee, Kalista. Nilikosa."

Kalista akasema, "Sikukatai. Lakini nimeishi na watu waliojua ukweli wakaufungia moyoni, na imenitosha. Nenda. Uwe unakuja kila mwezi kuzungumza nami hapa barazani. Baada ya Pasaka nitakupa jibu."

Baba yake angeweza kumlazimisha. Alikaa kimya, na safari hii ukimya wake ulikuwa wa heshima. Edmund alikuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, viatu vyake vikiwa matope matupu. Juma la pili baada ya Pasaka Kalista alikubali, tangazo likasomwa, wakafunga ndoa misheni. Siku ya harusi wasichana wa kisimani ndio waliombebea maua. Mmoja wao alimwomba msamaha mlangoni mwa kanisa, na Kalista akamkumbatia.

Na Blasius? Siku moja kilabuni kijana mmoja aliyelewa akamchokoza: "Mzee, yule mbwa wa Kizungu hajambo? Bado anabisha hodi?"

Tulingoja ugomvi. Blasius akaweka kibuyu chini. "Anabisha," alisema. "Lakini alinikojolea nyumba miezi saba, nami nikamsingizia mwanangu. Ukitaka kujua namna ya kumrudisha mbwa kama yule, njoo kwangu alfajiri, nitakuonyesha. Ila uje na ugali."

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mnaona jinsi mambo yanavyokwenda. Kosa la Bobi lilikuwa dogo, la kufutwa kwa kitambaa. Lililoharibu nyumba ni majivuno ya mwenye nyumba. Mtu akikataa kubeba aibu yake, aibu haipotei, humwangukia yule asiyeweza kujitetea, na mara nyingi ni mtoto wa kike, au mzee, au mnyama. Basi ukiulizwa ukweli nyumbani kwako, useme siku hiyo hiyo, wakati bado ni jambo la kucheka.

Msimwage maji juu ya uchafu mkadhani umekwisha. Chimbeni mpaka kwenye udongo safi, iwe ni sakafu au ni moyo. Na anayejifunza, awe mbwa au mtoto, akianguka msimtangulizie fimbo. Fimbo humfundisha kujificha. Mfungulieni mlango anapobisha, msifuni anapofanya vema, na akianguka tena anzeni naye tena.

Nanyi majirani, hasa sisi tunaoitwa washenga na watu wazima: ukijua ukweli unaoweza kumwokoa mtu, usiseme nyumba si yako. Mimi nilisema hivyo, na binti wa watu akateka maji mwezi mzima peke yake juani.